Pembe Niliyoipuliza Nyuma ya Ua wa Mama Ndanu

Mwanangu Mutua,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa kinyozi, na kinyozi wa Matiliku akishaanza hadithi zake najua hutarudi kabla ya chai ya jioni. Basi nimepata nafasi. Nimesukuma sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, kando ya meza, nimefunga mlango, na nimemwambia baba yako kwamba atakayenisumbua atajipikia mwenyewe. Amechukua kiti chake akatoka nje.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kuanika viatu nimemwachia yeye. Ameyaandika kurasa mbili kwa kalamu za rangi mbili, na ukiyafuata yote hutapata muda wa kufundisha hao watoto. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile la pembe.

Jumapili iliyopita baada ya ibada uliishika ile shofa yangu, pembe ya kondoo dume, ukaipangusa kwa shati lako jeupe nililotoka kulipiga pasi, ukasema, "Mum, hii naenda nayo. Kule church ni kadogo, wanakutana tu kwa darasa. Nitakuwa naamka mapema napanda kwa kilima naipuliza, hiyo area yote ijue tumefika. Roho zote chafu za huko zihame."

Nikasema, "Tutaona," nikaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Baadaye nikakusikia ukimwambia baba yako kwamba mama anaipenda hiyo pembe kuliko anavyokupenda wewe. Mjinga wewe! Niliogopa, hiyo ndiyo sababu. Maneno uliyoyasema niliwahi kuyasema mimi, na tena niliyatenda. Ukiondoka kesho bila kujua yaliyonipata, utarudia kosa langu mbele ya watu wasiokujua, na huko mbele ya Mwingi unakokwenda kufundisha hakuna Mama Ndanu wa kukuokoa.

Ndiyo, huyu huyu Mama Ndanu jirani yetu, ambaye umekula kwake kuliko ulivyokula kwangu. Vuta kiti.

Ulikuwa darasa la tatu. Mhubiri mgeni alikuja kwenye mkutano pale mjini Wote, amevaa suti ya buluu, na mkononi ana shofa ndefu iliyojipinda. Alipoipuliza, mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni hadi kwenye visigino. Nisikudanganye, hata leo nikiisikia sauti ile nasisimka, na sioni kama ni dhambi. Lakini yule mhubiri alitufundisha kwamba shofa ni silaha. Alisema adui akikukalia kooni, zunguka boma lake siku saba kama Yeriko, siku ya saba upulize, na kilichosimama kitaanguka. Watu walipiga kelele za amina. Mimi nilipiga kuliko wote, kisha nikarudi nyumbani nikiwaza nitapata wapi pembe.

Mjomba wako Kioko, yule mchongaji, ndiye aliyenipatia. Alikuwa amechinja kondoo dume wa harusi, akaniwekea pembe moja. Niliichemsha kwenye sufuria ile kubwa ya kupikia wageni mpaka mfupa wa ndani ukalegea, na harufu yake ilikaa ndani ya nyumba siku tatu. Baba yako alichungulia sufuriani akauliza, "Leo tunakula supu ya pembe?" Kioko akaitoboa ncha kwa waya wa moto, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Kupuliza nilijifundisha mwenyewe huko shambani. Sauti yangu ya kwanza ilikuwa kama ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Siku niliyoipeleka kanisani watoto wa Sande skuli walianguka chini kwa kicheko, na aliyewaongoza kwa kucheka ulikuwa wewe.

Sasa nilikuwa na silaha, na mtu akishapata silaha huanza kutafuta wa kumpiga. Sikutafuta mbali.

Mwaka ule Mama Ndanu alikuwa amechaguliwa kiongozi wa akina mama kanisani, kiti ambacho mimi nilikuwa nimekikalia moyoni mwangu muda mrefu. Halafu mvua za Novemba zikaja. Ndengu zake zikasimama kijani ng'ambo ya ua, na zangu zikakauka zikiwa na urefu wa kidole. Ua mmoja, udongo mmoja, mvua moja. Nikasema mimi nimefungwa. Nikasema huyu mwanamke ana kitu. Kwamba miezi yote ya kiangazi alikuwa amechimba fanya juu, matuta ya kuzuia maji, kuanzia juu ya shamba hadi chini, huku mimi nikimtazama na kumwambia atavunja mgongo bure, hilo halikunijia akilini kabisa. Mvua iliponyesha, maji yake yalikaa shambani mwake. Yangu yaliteremka hadi mtoni yakaenda zake. Pepo aliyekula ndengu zangu alikuwa uvivu, Mutua, na nilikuwa nimemfuga mwenyewe.

Basi nikaanza kuzunguka. Siku sita, kabla watu hawajaamka, nilijifunga leso, nikaficha pembe chini yake, nikaizunguka nyumba ya Mama Ndanu kimya kimya kwa nje ya ua. Siku ya nne nilikanyaga mwiba nikauma leso ili nisilie. Siku ya tano ua ulinirarua sketi, nikamwambia baba yako ni ng'ombe. Na kila nilipozunguka nilikuwa naomba kwa jina lake, tena majina yote mawili, lile la ubatizo na lile la nyumbani, ili Mungu asikosee mtu.

Siku ya saba nikasimama nyuma ya ua wake, kulipoanza tu kupambazuka, nikavuta pumzi nikapuliza mara saba. Sijawahi kuipuliza vizuri namna ile, kabla wala baadaye. Ilitoka ikaenda mpaka ng'ambo ya mto ikarudi.

Sasa sikiliza nilichokuwa nimekisahau, mimi mtoto wa Mbooni niliyekuzwa na babu aliyetunza pembe nyumbani. Kwetu sisi Wakamba pembe ililia kabla ya kanisa kuja. Ikilia alfajiri bila taarifa, kuna jambo: moto, wezi wa ng'ombe, mnyama, au mtu ametumbukia kisimani. Na ikilia, hakuna anayeuliza ni nani anayepuliza au mmekosana vipi. Unashika kilicho karibu na mkono wako unakimbia.

Kijiji kizima kilikuja. Wenye majembe, wenye panga, wenye ndoo za maji, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuja na helmeti kichwani na taulo kiunoni. Baba yako alifika na gambuti moja. Lakini wa kwanza kutoka, kabla ya hao wote, alikuwa Mama Ndanu mwenyewe. Alitoka langoni mwake kichwa wazi, panga mkononi, anakimbia moja kwa moja kunijia mimi. Nikajua yamekwisha, amenijua, leo ananikata.

Akanipita. Akasimama mbele yangu akiwa amenipa mgongo, akatazama kichakani, akanyanyua panga. "Mama Mutua, ni nani? Nani amekufanyia? Kaa nyuma yangu!"

Mwanangu, mimi nimezaa watoto watatu, nimezika mama, nimelala njaa. Sijawahi kusikia uchungu kama ule wa kusimama nyuma ya mgongo wa mtu niliyekuwa namwombea mabaya. Na badala ya kusema kweli, nilifungua mdomo nikasema, "Fisi. Nimeona fisi, ameelekea kwa mbuzi wako."

Haya yaliyofuata unayajua, umeyasimulia mwenyewe mara ngapi. Watu waliingia kichakani. Mzee Kilonzo akaziona nyayo. Kwa kweli aliziona, akaonyesha watu, wakazipima kwa fimbo! Mwingine akaapa kwamba amemwona kwa macho yake, mkubwa kama ndama. Chifu akanishukuru barazani. Na shule zilipofunguliwa wewe ukaandika insha, "Mama Yangu na Fisi," mwalimu akakusimamisha mbele ya shule nzima uisome. Ulirudi nyumbani ukikimbia, daftari liko wazi mkononi, ukanikumbatia miguu. Ningekuambia nini hapo?

Basi nakuambia leo. Hakukuwa na fisi. Samahani, mwanangu. Najua unaipenda hadithi ile na najua unapanga kuwasimulia wanafunzi wako. Wasimulie, lakini wape hii ya kweli. Nafikiri pia inachekesha zaidi.

Kuna sehemu moja ambayo huenda huikumbuki vizuri. Wawindaji walipochoka, jua lilikuwa limeshatoka na watu wote walikuwa wamesimama kwenye shamba langu. Mama Ndanu akatazama yale majembe, akatazama shamba langu lilivyolala uchi kwenye mteremko, akasema, "Watu wa Mungu, tumetoka na majembe, sasa tunarudi nayo bure? Hii shamba ya Mama Mutua haina hata fanya juu moja. Si tufanye tu mwethya, bora tumeamka?"

Mwethya, kazi ya pamoja, hakuna Mkamba anayeikataa akiwa ameshika jembe. Waliimba wakachimba. Kufika saa sita matuta manne yalikuwa yamekata shamba langu kutoka ua hadi ua, na Mama Ndanu ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo. Mimi nilikuwa naukoroga uji kwenye moto nikilia, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni moshi. Ndengu ulizokula mpaka ukaota hizo ndevu ulizokwenda kunyolewa zimetoka kwenye matuta yale.

Miaka ilipita. Pembe niliiweka juu ya kabati nikasema sitaigusa tena. Halafu kikundi chetu cha wakulima kikapelekwa Kibwezi kujifunza unyunyiziaji maji kwa matone. Kulikuwa na mtaalamu mmoja mgeni kutoka Israeli, mzee mwenye kofia ya majani na magoti mekundu kwa jua. Wenzangu, kwa kupenda sifa, walikuwa wamenilazimisha niibebe shofa, nikaipuliza kabla ya chakula. Yule mzee aliacha sahani yake akaja mbio. Nikadhani nimemkosea. Akaomba kuishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akanusa ndani. Afisa wa kilimo akawa anatufasiria.

Aliniambia babu yake alikuwa mpulizaji katika sinagogi. Kwamba pembe ni ya kondoo dume kwa kumkumbuka yule aliyenaswa kichakani, Isaka akapona. Nikamuuliza wao huipuliza lini. Akasema hasa mwaka wao mpya unapoanza, wakati wa kutubu. Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia mkutanoni: amri waliyopewa siku ile ni kusikia. "Hata yule anayepuliza," akasema, "lazima aisikie yeye mwenyewe, la sivyo hajafanya kitu."

Nikamuuliza, "Na kupiga adui je? Si ilipigwa Yeriko?"

Akacheka, akasema ilipigwa, na Yeriko ilikuwa Yeriko. Lakini yeye kila mwaka anaposimama kuisikia, adui anayemkumbuka kwanza huwa amevaa viatu vyake mwenyewe. Tena akaniambia siku hiyo ikiangukia Sabato, kwao hawapulizi kabisa. Fikiria! Siku yenyewe kubwa, na pembe inakaa kimya mfukoni. Sisi kipaza sauti kikikosa umeme dakika tano tunaona Roho ameondoka.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na mawazo mengi. Niligundua kwamba nilichukua kitu cha watu wengine bila kuuliza wenyewe wanakitumia vipi, na wakati huo huo nikasahau hata cha babu yangu. Wote wawili, Myahudi yule na babu wa Mbooni, wangeniambia jambo moja: pembe inaita watu waje, na wewe unayeita uwe wa kwanza kuamka.

Tangu hapo ndipo ulianza kuniona nikiipuliza kanisani kama unavyojua. Asubuhi ya Pasaka. Siku ya shukrani ya mavuno. Siku ya kufunga na kutubu, mara moja tu, kisha tunakaa kimya. Sivai shali ya sala ya Kiyahudi, mimi si Myahudi, na pembe ya mjomba wako Kioko haina upako wa kuuza. Walipoleta yule msichana mwenye kifafa wakataka nimpulizie sikioni, niliifunga ndani ya leso nikasema kwanza hospitali, maombi tutafanya njiani. Mchungaji alininunia wiki mbili. Nilimwachia anune, na msichana leo anameza dawa zake na anaimba soprano.

Lakini yote hayo niliyafanya na ule uongo ukiwa umekaa kifuani mwangu. Leo asubuhi nilipochukua karatasi nikuandikie, kalamu ilikataa. Nikaona siwezi kukuambia wewe kabla sijamwambia Mama Ndanu. Nikavaa kandambili nikaenda.

Nilimkuta ameketi mlangoni anachagua ndengu kwenye ungo. Nikakaa chini, nikaanza kuchagua naye. Nikachagua mpaka zilipokwisha, nikaanza kuchagua zilizochaguliwa.

"Mama Mutua," akasema, "umekuja kuniambia kitu ama umekuja kunipotezea ndengu?"

Nikamwambia. Yote, siku saba, majina mawili, fisi. Sikumtazama usoni. Nilipomaliza, alipepeta ungo kidogo akatoa jiwe moja.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Si nilikuona siku ya kwanza. Nimeenda choo, naona mtu amejifunga leso anazunguka boma yangu kama kuku anatafuta mahali pa kutaga. Nikasema huyu ni Mama Mutua na ile pembe yake. Siku ya pili nikaanza kufunga Simba."

Simba ni yule mbwa wake wa zamani, yule mkali wa kahawia. Mimi sikuwa hata nimemfikiria. Nilizunguka siku zote zile nikishangaa jinsi Mungu ananifungulia njia, kumbe Mama Ndanu alikuwa anaamka kabla yangu kila siku kumfunga mbwa ili nisiumwe nikimlaani.

Nikamuuliza, "Na kama ulijua, mbona ulitoka na panga?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Pembe imelia, mwanaa mwaitu. Ningejuaje kama hiyo siku ya saba hujakanyaga nyoka kweli?"

Mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yangu. Ndivyo alivyoniita.

Kwa hiyo, Mutua, pembe ichukue. Nimeifunga kwa kitambaa nikaiweka kati ya mashati yako, isigonge. Lakini usipande kilima chochote kwanza. Fika, weka mzigo, uende ukawasalimu majirani mlango kwa mlango. Kule utakuta wafugaji na wenye maduka Waislamu kutoka upande wa kaskazini, watu wanaoamka kusali wewe ukiwa bado unakoroma, nakujua. Usishindane na adhana yao kama kwamba Mungu ana shida ya masikio. Kunywa chai yao, waambie wewe ni mtoto wa nani na unatoka wapi. Waulize wao huitana vipi jambo likitokea. Siku watakapokujua jina, muulize mzee wa kanisa, kisha ipulize pale mnapoabudu. Wakija kuona kuna nini, wakaribishe. Na ukiipuliza, Mutua, isikilize.

Nasikia sauti yako huko barabarani, unacheka na mtu, kwa hiyo namalizia.

Nilipoinuka kuondoka kwake leo, Mama Ndanu alinishika mkono. Akaniuliza, "Kwani hizo siku zote ulikuwa unaomba nini hasa? Nife?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa naomba uhame."

Alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani na ndengu zikamwagika chini. Kisha akatazama nguo zako kwenye kamba yetu ng'ambo ya ua, zile nilizokufulia za safari.

"Sasa ona," akasema. "Mimi niko. Anayehama ni mtoto wetu."

Tuliziokota zile ndengu sisi wawili, moja moja, na hakuna aliyesema ni moshi.

Mama yako anayekupenda kuliko pembe,
Kaluki